Mwisho Mwema Usiotaja Marehemu Wake

Kuna jambo nimekuwa nikiliona mara kwa mara katika nyumba zenye vijana wa sekondari. Kijana amejikunja pembeni mwa kochi, simu iko mbele ya uso wake, na machozi yanamtiririka. Ukimuuliza nani kafa, atakutajia jina la Kijapani. Aliyekufa si jirani wala ndugu. Ni mtu aliyechorwa kwa wino mweusi huko Tokyo. Wazee hutikisa vichwa wakapita. Miezi baadaye utamkuta kijana yuleyule amenuna siku nzima, na ukimdodosa atakwambia hadithi yake imeisha vibaya. Imeisha vibaya vipi? “Wote wamekuwa hai. Wote wana furaha.” Hapo ndipo wazee wanapochoka naye kabisa. Walipokufa ulilia, sasa wako hai unanuna. Unataka nini hasa?

Swali hilo limenikaa kichwani muda mrefu, kwa sababu kijana mmoja wa namna hiyo naishi naye nyumbani kwangu. Hadithi iliyomliza ni Tokyo Revengers, manga ya Ken Wakui iliyoanza kutoka Machi 2017 katika jarida la Weekly Shonen Magazine na kumalizika Novemba 2022, sura 278 katika juzuu 31. Ilipata tuzo ya manga ya Kodansha mwaka 2020, ikatengenezewa katuni ya televisheni na filamu za waigizaji, na ilipofika mwisho wasomaji wake duniani kote waligawanyika kama familia iliyogombania mirathi.

Msimamo wangu nautanguliza: vijana walionuna wana haki. Hawakukasirishwa na wema wa mwisho ule. Walikasirika kwa sababu wema ule haukulipiwa, na msiba walioulia kwa miaka mitano na zaidi ulifutwa kama hesabu ya ubaoni kengele inapolia.

Mkono kwa mkono

Kwa msomaji asiyeijua, kisa ni hiki. Takemichi Hanagaki ana miaka 26. Ni kibarua katika duka la kukodisha filamu, anaishi katika chumba kisichofagiliwa, na maisha yake yamekuwa ya kuomba radhi kutwa kucha. Siku moja anasikia kwenye habari kwamba Hinata Tachibana, msichana pekee aliyewahi kumpenda walipokuwa shuleni, ameuawa pamoja na mdogo wake katika ghasia za genge liitwalo Tokyo Manji. Baadaye amesimama kwenye jukwaa la treni, mtu anamsukuma kutoka nyuma, anaangukia relini. Anapofumbua macho ni tarehe 4 Julai 2005. Tarehe ni ileile, ila ni miaka 12 nyuma. Amevaa sare za shule, na Hinata yu hai.

Anamtafuta mdogo wake Hinata, Naoto, anamwambia siku watakayokufa, anampa mkono. Viganja vinapokutana, anajikuta amerudi mwaka wake. Naoto naye hakufa: alilishika onyo lile moyoni, akakua, akawa polisi, na ndiye aliyemvuta kutoka relini. Tangu hapo wawili hao wakishikana mikono, Takemichi huenda au hurudi. Kila anapokwenda hujaribu kulizuia genge lile lisigeuke kuwa kundi la wauaji, na kila anaporudi hukuta amebadilisha jambo moja na kuharibu jingine.

Naomba wazazi mnivumilie hapa. Najua hadithi hii ina ngumi nyingi, pikipiki za usiku na watoto wa shule wanaopigana hadi kutoana damu. Wapo wazazi walioipiga marufuku majumbani mwao, nami siwalaumu. Lakini tusiishie kwenye ganda. Shujaa wa hadithi hii hajui kupigana. Hupigwa, hulia, husimama tena. Mwandishi alimpa machozi mahali ambapo wengine huwapa mashujaa wao misuli, na katika jamii zetu ambako mvulana hukatazwa kulia tangu akiwa chekechea, si ajabu wavulana walimshika kama ndugu yao.

Nusu kwa nusu ya tambi

Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Uzuri wa Tokyo Revengers, kwa sehemu kubwa ya safari yake, ni kwamba ilikubaliana na wahenga. Takemichi aliupiga ukuta ule kwa kichwa, na kila mara alirudi na jeraha.

Chukua kisa cha Baji. Keisuke Baji ni mmoja wa waasisi wa Tokyo Manji, kijana mkali, mwenye rafiki mdogo aitwaye Chifuyu ambaye humfuata kama kivuli. Siku waliyoanza kuwa marafiki, Baji alimkaribisha Chifuyu tambi za pakiti, na kwa kuwa pakiti ilikuwa moja, wakala nusu kwa nusu. Hilo tu. Vijiti viwili na pakiti moja.

Nyuma ya Baji kuna deni zito. Akiwa mtoto, yeye na mwenzake Kazutora waliingia usiku katika duka la pikipiki kuiba. Kazutora alitaka kumpa zawadi ya siku ya kuzaliwa Mikey, rafiki yao mkubwa na kiongozi wa genge. Hawakujua kwamba duka lile ni la kaka yake Mikey. Kaka akawakuta, Kazutora akampiga kichwani kwa nyuma, akafa. Zawadi ya upendo ikawa jeneza. Miaka miwili baadaye, tarehe 31 Oktoba 2005, magenge mawili yanapigana kwenye uwanja wa magari mabovu, Kazutora anamchoma Baji kisu mgongoni. Mikey anamgeukia Kazutora kumuua kwa mikono yake. Basi Baji anachukua kisu na kujichoma mwenyewe, ili isije ikasemwa kwamba Kazutora ndiye aliyemuua, na Mikey asiwe na damu ya kulipiza. Anakata roho mikononi mwa Chifuyu, na maneno yake ya mwisho kwa rafiki yake yanazirudia zile tambi za nusu kwa nusu.

Kijana wangu aliposoma sura hiyo hakula chakula cha usiku. Nilimkuta jikoni saa nne, amekaa kwenye kigoda gizani. Akaniambia, “Shangazi, alitaka kumpa zawadi tu.” Sikumwelewa mpaka nilipokuja kuisoma mwenyewe, na nilipoisoma nilijua ni kwa nini alikuwa analilia zaidi zawadi kuliko kisu. Nitalifikia hilo.

Sura chache za mwisho

Baada ya kifo cha Baji, hadithi iliendelea kulipa bei hiyo. Emma, dada yake Mikey, aliuawa. Draken, nguzo ya Mikey na aliyempenda Emma, aliponea chupuchupu mara ya kwanza lakini baadaye naye akafa. Mikey alizidi kuzama gizani kwa kila jeneza lililoshuka. Mpaka hapo msomaji amekwishajifunza kanuni moja: mtu anaokolewa kwa gharama, na wengine hawaokoleki.

Kisha zikaja sura za mwisho. Katika pambano kubwa la mwisho Mikey anamchoma Takemichi kwa upanga. Takemichi akiwa anakufa, mikono yao inakutana, na wote wawili wanarushwa nyuma hadi mwaka 1998, wakiwa watoto wadogo. Safari hii wako pamoja na wana muda wa kutosha, kwa hiyo wanarekebisha kila kitu tangu kwenye mzizi. Kaka yake Mikey hafi. Baji hafi. Emma na Draken wanaishi. Hata waliokuwa maadui wanageuka marafiki. Miaka inapita kwa kurasa chache kama mandhari dirishani mwa basi la haraka, na tunafikishwa kwenye harusi ya Takemichi na Hinata, ukumbi umejaa, kila mtu anacheka.

Jambo moja halikuguswa. Chifuyu aliyeko ukumbini hakuwahi kumshika rafiki yake akikata roho. Kazutora aliyeko ukumbini hana cha kutubia. Yale yote waliyojifunza kwa machozi hawakujifunza tena, maana hayakutokea. Watu tuliowafuata kwa sura mia mbili na zaidi hawakualikwa harusini. Walialikwa wenzao wenye sura na majina yao.

Je, msomaji aliyewalilia wale wa kwanza awape nani pole?

Wanaoutetea mwisho ule

Haki ya mwenzio usiinyime mizani. Wapo wasomaji wengi walioupenda mwisho huo, na hoja zao si nyepesi. Wanasema hii ni hadithi ya watoto wa shule, na watoto hawapaswi kufa. Wanasema Takemichi aliteseka vya kutosha, na baada ya dhiki huja faraja. Kama kuna mtu aliyestahili harusi isiyo na doa ni yeye. Wanasema dunia yenyewe imejaa mazishi, kwa nini hata kwenye karatasi tunyimwe siku moja ya wote kuwa pamoja?

Hoja hii ya mwisho hunigusa kila ninapoisikia. Mama aliyefiwa na mtoto hahitaji kufundishwa na hadithi kwamba kifo kipo. Akitaka kusoma kisa ambacho mlango unagongwa na mtoto anaingia, nani amkataze?

Kuna pia hoja ya kazi. Mchoraji wa manga ya kila wiki hutakiwa kutoa takriban kurasa 20 kila juma. Hadithi ikipendwa, haachiwi apumzike. Ikichosha, huondolewa jaridani kumpisha mwingine. Wakui aliibeba kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mitano. Mpishi aliyesimama jikoni muda wote huo, ukimwona amezidisha maji kwenye sufuria ya mwisho, utamwonea huruma kabla ya kumlaumu. Kwa hiyo sitajiunga na waliomtukana. Matusi hayarekebishi sura hata moja.

Lakini huruma kwa mpishi haiongezi chumvi kwenye mchuzi. Na hoja kwamba waliofiwa wanahitaji faraja ndiyo hasa inayonifanya niseme mwisho ule ulikosea njia. Faraja ni kitu gani? Ni kuambiwa kwamba hukufiwa? Au ni kuambiwa kwamba umefiwa, na hata hivyo kesho jua litachomoza na utakuwa na nguvu ya kuchota maji?

Waliolipa nauli

Wajapani wenyewe wanajua kuandika hadithi za kurudi nyuma ambazo hulipa nauli. Katika Boku dake ga Inai Machi ya Kei Sanbe, iliyotoka kati ya 2012 na 2016 na ambayo wengi huijua kwa jina la Erased, mtu mzima aitwaye Satoru anarudishwa hadi mwaka 1988, akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Hokkaido. Anataka kumwokoa mwanafunzi mwenzake Kayo, anayepigwa na mama yake nyumbani na anayewindwa na muuaji nje. Anamwokoa. Lakini muuaji anamgeukia yeye, na Satoru anaingia katika usingizi wa miaka 15. Mama yake anamuuguza miaka yote hiyo, kijana wake anakua kitandani bila kufumbua macho. Anapoamka, Kayo anakuja kumsalimu akiwa na mtoto mchanga mikononi. Ameolewa na mtu mwingine.

Wapo walionuna kwa hilo pia, wakitaka Kayo awe amemsubiri. Mimi nilipofika hapo niliifunga simu na kukaa kimya. Mtoto yule mchanga asingekuwapo kama Satoru asingelala miaka 15. Aliyeokoa alipoteza, na alichopoteza kikageuka uhai mikononi mwa mwingine. Huo ni mwisho mwema, na bei yake inaonekana.

Au filamu ya katuni ya Mamoru Hosoda ya mwaka 2006, Toki wo Kakeru Shojo. Msichana wa sekondari anapata uwezo wa kuruka nyuma, na mkononi mwake kuna tarakimu zinazohesabu mara zilizobaki. Anazitumia kwa vitu vidogo: kula chakula kitamu alichokosa, kurefusha saa za kuimba na marafiki, kukwepa mazungumzo yanayomtia aibu. Siku rafiki yake anapopanda baiskeli isiyoshika breki kuelekea makutano ya reli, msichana anaangalia mkono wake na hesabu imekwisha. Mwingine analazimika kulipa kwa niaba yake. Mzazi gani hawezi kukaa na mtoto wake wakazungumza jambo zito baada ya kuona hilo?

Mkebe wa hesabu

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Ni mtoto wa mdogo wangu wa kiume. Baba yake alikufa kwa ajali ya pikipiki kijana akiwa darasa la saba. Asubuhi ya siku ile mtoto alimwambia, “Baba, ukirudi nipitie dukani, mkebe wangu umevunjika.” Baba akapita dukani. Barabara ya dukani haikuwa barabara yake ya kila siku. Mkebe uliletwa nyumbani pamoja na vitu vyake vingine, ndani ya mfuko mweusi, umebonyea upande mmoja, rula na bikari zikiwa salama ndani.

Miaka minne hakusema neno. Wote tulidhani amepoa. Alianza kusema usiku ule jikoni, baada ya Baji kufa, aliposema kwamba Kazutora alitaka kumpa zawadi tu. Hadithi ya kuchorwa ilikuwa imemfungulia mlango ambao sisi, kwa dua zetu zote na visomo vyetu vyote, hatukuwa tumejua ulipo. Alinieleza jinsi anavyolala akipiga hesabu: angekaa kimya, angesubiri mwisho wa wiki, angeazima mkebe wa mwenzake. Ni watoto wangapi majumbani mwetu wanalala na hesabu za namna hiyo? Wangapi tumewaambia “usilie, wewe ni mwanamume” tukadhani tumewafariji?

Ndiyo maana alipofika mwisho na kukuta kila mtu amerudi, alinitazama akasema, “Kwa hiyo dawa yake ni kurudi nyuma tu. Asiyeweza kurudi, basi.” Hakuwa anazungumzia uandishi. Alikuwa anazungumzia maisha yake. Kwa miaka kadhaa alikuwa na mwenzake kwenye karatasi, mtu anayelia, anayeshindwa, anayeamka akiwa bado amefiwa. Katika sura chache yule mwenzake alihama, akaenda kuishi katika nyumba isiyo na msiba, na kumwacha yeye na mkebe uliobonyea.

Maji yaliyomwagika hayazoleki. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hizi mbili hutamkwa pamoja kwenye matanga yetu kwa sababu moja bila nyingine haifai. Ya kwanza ikisimama peke yake ni kukata tamaa. Ya pili ikisimama peke yake ni kusahau. Hadithi ya kurudi nyuma inayostahili machozi ya watoto wetu ni ile inayozishika zote mbili.

Basi wazazi, mtoto akinuna kwa ajili ya hadithi, msimcheke. Kaeni naye, mwulizeni ni nani kafa humo na kwa nini anamlilia. Huenda jina la Kijapani analolitaja ndilo kifuniko cha jina lililoko nyumbani kwenu.

Harusi nyingine

Mwaka jana dada yake kijana huyu aliolewa. Baba hayupo na babu hayupo, na kijana ni baligh, hivyo yeye ndiye aliyekaa kama walii. Alivaa kanzu ya baba yake, tuliyoipunguza mabega. Sheikh akamwelekeza ampe bwana harusi mkono. Viganja vikakutana, na nikaona vidole vyake vinatetemeka.

Akaanza kutamka. Alipofika kwenye jina la dada yake ilimpasa amtaje binti wa nani, na hapo hakuna njia ya mkato. Akasema, “binti wa marehemu,” sauti ikakatika. Msikiti mzima ukanyamaza ukimsubiri. Hakuna aliyemkimbiza. Akameza mate, akalitaja jina la baba yake lote, la ukoo pia, kwa sauti iliyofika hadi kwetu wanawake nyuma ya pazia. Kisha akamwozesha dada yake, na vigelegele vikapasuka.

Alipotoka nje alinikuta uani, macho mekundu, akicheka. “Shangazi,” akaniambia, “nimemshika mkono mtu na sikwenda popote.” Nikamwambia twende tukale, pilau inapoa.